Kuitafuta Nasaba ya Nyumba



Mtu wa pwani aulizwapo, "Wewe ni nani?", aghalabu hajibu kwa jina lake peke yake. Husema, "Mimi ni fulani bin fulani bin fulani," akapanda ngazi hiyo babu kwa babu, hata afike kwa yule ambaye jina lake lajulikana na mji mzima, na hapo husimama. Ngazi hiyo ndiyo iitwayo nasaba. Wazee wetu waliithamini kuliko mali, kwa kuwa mali huliwa na mchwa na moto na wadeni, bali nasaba hukaa kifuani mwa mtu. Kwa nasaba ilijulikana nani ataozwa nani, nani atarithi, na nani atakaa mbele barazani.

Siku hizi vijana wengi wameanza tena kuuliza habari za asili zao. Wengine wako hapa hapa kwetu, Mombasa na Unguja na Dar es Salaam. Wengine wamezaliwa Maskati au Uingereza, nao huwaandikia shangazi zao kuwauliza majina ya babu. Jambo hili latupendeza sana. Lakini tumeona kwamba wengi wao hutafuta kwanza jina moja kubwa la zamani, kisha hujenga daraja la kuwafikisha kwake. Basi leo twataka kuzungumza habari za majina yaliyoachwa nje ya ngazi hiyo, na hasa majina ya mama.

Na tufanye hesabu kidogo. Kila mtu ana wazazi wawili. Juu yao wako wanne, babu na bibi wa pande mbili. Juu yao wanane, kisha kumi na sita. Ukipanda hivyo vizazi kumi, utafika mahali penye nafasi 1,024 za watu waliokuzaa. (Kweli, mtu mmoja aweza kukaa katika nafasi mbili au tatu, maana sisi watu wa pwani twapenda mno kuozana binamu.) Katika nafasi hizo 1,024, nasaba ya kuumeni hushika moja tu. Waliobaki 1,023 nao walikuzaa vile vile kama yule mmoja, walilima na kuvua na kusafiri na kulia, wala majina yao hayamo.

Hesabu ina faida nyingine tena. Kwa kawaida karne moja huchukua vizazi vitatu hivi. Basi ukionyeshwa nasaba yenye majina manane, nayo yadai kufika Uajemi miaka elfu iliyopita, fahamu kuwa majina manane hayavuki sana miaka 250. Hatusemi kuwa aliyeiandika ni mwongo. Huenda alirithi majina yaliyo karibu na jina lililo mbali, na yaliyokuwa katikati yakamezwa. Lakini shimo lipo, na mtafutaji wa haki huliacha wazi katika karatasi yake, halizibi kwa majina ya kubuni.

Tuchukue sasa nasaba iliyo mashuhuri kuliko zote pwani, nayo ni ya Washirazi wa Kilwa. Habari zake zimetufikia kwa njia mbili za kale. Moja ni kitabu cha Kiarabu kiitwacho Kitab al-Sulwa, ambacho nakala yake Sayyid Barghash, Sultani wa Unguja, alimpa balozi wa Kiingereza Sir John Kirk, nacho kimehifadhiwa London hata leo. Nyingine ni maandishi ya Mreno João de Barros, yaliyochapwa mwaka 1552. Kitabu cha Kiarabu chasimulia habari za sultani wa Shiraz aliyetoka na wanawe sita katika vyombo saba, na kila chombo kikashuka mahali pake. Na yule aliyeshuka Kilwa akakinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka. Hadithi hiyo kila mtoto wa pwani ameisikia.

Lakini de Barros aongeza neno moja ambalo barazani halitajwi sana. Asema kwamba Ali, aliyekuja kuwa mfalme wa kwanza wa Kilwa, alidharauliwa na ndugu zake huko Uajemi kwa sababu mama yao wao alikuwa wa ukoo wa kifalme, naye Ali mama yake alikuwa mjakazi wa Kihabeshi. Ndiyo sababu akaondoka kutafuta mahali pake mwenyewe. Hatuna haja ya kuyaamini yote kama yalivyoandikwa. Wataalamu wamebishana juu ya hadithi hizi zaidi ya miaka mia. Sarafu zenye jina la Ali bin al-Hassan zimepatikana, na mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, Pemba, ilifukuliwa hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, na jina hilo limo miongoni mwake. Basi mtu mwenye jina hilo alikuwako. Kuhusu mama yake, sarafu hazisemi kitu, maana sarafu huandikwa jina la mtu na baba yake tu.

Tena kuna jambo la kustaajabisha. Huyo Sayyid Barghash aliyempa Mwingereza kitabu cha wafalme wa Kilwa, mama yake mwenyewe alikuwa suria wa Kihabeshi. Na hakuwa peke yake. Baba yake, Sayyid Said bin Sultan, alipofariki mwaka 1856 aliacha watoto 36, na wote walizaliwa na masuria. Binti yake Salme, aliyezaliwa mwaka 1844, akaenda Ujerumani na huko akaitwa Emily Ruete, alichapisha kitabu cha maisha yake Berlin mwaka 1886, na humo akamtaja mama yake kwa jina lake, Jilfidan, Mcherkasi aliyenyakuliwa kwao angali mtoto mdogo katika vita. Mwana wa mfalme huyu alifanya jambo ambalo waandishi wa nasaba hawakulifanya: alimwandika mama.

Kwa nini hawakulifanya? Haifai tuwalaumu kabla ya kuielewa sheria waliyoifuata. Kwa sheria ya Kiislamu, mtoto aliyezaliwa na suria, baba yake akimkubali, ni mtu huru tangu kuzaliwa. Humrithi baba yake sawasawa na mtoto wa mke wa ndoa, na huingia katika nasaba ya baba yake pasipo upungufu. Mama naye hawezi tena kuuzwa, na bwana wake afapo huwa huru. Sheria hiyo ilimwinua mtoto. Katika nchi za ng'ambo ya Atlantiki mambo yalikuwa kinyume: huko mtoto wa mtumwa mwanamke alikuwa mtumwa, hata kama baba yake alikuwa bwana mwenyewe. Lakini mlango ule ule uliompokea mtoto ulifungwa nyuma ya mama. Vizazi viwili vikapita, naye akawa "mtu wa nyumbani". Vitatu, akawa hana jina. Na kilembwe wake, akiulizwa, husema kwa moyo mweupe kabisa kwamba watu wa nyumba yao wote walitoka Bara Arabu.

Hata siku utumwa ulipovunjwa, mama hawa waliachwa pembeni. Amri ya Unguja ya tarehe 6 Aprili 1897 iliwapa watumwa ruhusa ya kwenda mbele ya korti kudai uhuru wao, na mabwana wakalipwa fidia. Lakini masuria hawakuingizwa katika ruhusa hiyo, kwa kuwa walihesabiwa kama wake, illa kwa aliyethibitisha kuwa anateswa. Mpaka mwaka 1909 ndipo ilipotolewa amri nyingine iliyowafikia. Pwani ya Kenya utumwa ulivunjwa mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Twaitaja miaka hii makusudi, maana mtafutaji huihitaji: palipo amri na fidia hapana budi pawe na karatasi, na palipo karatasi majina yameandikwa.

Yuko atakayesema, "Yaliyopita yamepita, kwa nini kufukua?" Twamjibu kwamba nasaba haikulala kamwe. Katika siku za utawala wa Waingereza serikali iliwagawa watu kwa asili zao, na kodi ya mtu, na haki yake ya kupiga kura, vikafuata mgawanyo huo. Thenashara Taifa wa Mombasa, ambao mji ni wao tangu enzi za Mwana Mkisi na Shehe Mvita, walishindana miaka mingi wahesabiwe pamoja na Waarabu wasihesabiwe "wenyeji", kwa sababu kuitwa mwenyeji kulikuwa hasara. Mtu akachagua babu kama achaguavyo kofia ya kuendea ofisini. Huko Unguja ugomvi wa nani ni Mwarabu, nani ni Mshirazi, nani ni Mwafrika wa bara uliingia katika vyama vya siasa, na mwezi wa Januari 1964 watu wengi waliuawa kwa ajili ya asili walizodhaniwa kuwa nazo. Wengi katika waliouawa, na wengi katika waliowaua, lau mama zao wangaliandikwa, wangalionekana ni ndugu.

Sasa tuje kwa shahidi mpya. Zamani mifupa makaburini haikuweza kusema. Siku hizi wataalamu huweza kutoa ndani ya mfupa au jino lile andiko dogo ambalo kila kiumbe hurithi kwa wazazi wake, nao Waswahili wameliita vinasaba, jina zuri sana kwa maoni yetu, maana ni nasaba iliyoandikwa mwilini. Mwezi wa Machi 2023 gazeti la elimu liitwalo Nature lilichapisha utafiti uliofanywa na wataalamu wengi, miongoni mwao Profesa Chapurukha Kusimba wa Kenya na David Reich wa Marekani. Walichunguza mabaki ya watu 80, wengi wao wa miji ya pwani kama Mtwapa, Manda, Faza, Songo Mnara na Kilwa, waliozikwa kati ya mwaka 1250 na mwaka 1800 hivi.

Waliyoyaona ni haya. Wengi wa watu hao zaidi ya nusu ya asili yao ilikuwa ya Kiafrika, na sehemu kubwa iliyobaki ilitoka Asia. Na ile ya Asia kwa wingi wake ilikuwa ya Kiajemi, pamoja na kidogo cha Kihindi. Kuchanganyika huko kulianza karibu na mwaka 1000. Baadaye, tangu mwaka 1500 hivi, ndipo damu ya Bara Arabu ilipozidi kuingia. Basi wale waliocheka waliposikia neno Mshirazi yawapasa wasite kidogo: wazee hawakubuni yote, Waajemi walikuja kweli, na wakati uliotajwa haukuwa mbali na kweli. Lakini kuna la pili. Katika mwili wa mtu imo sehemu ambayo mtoto huipokea kwa mama peke yake, na imo nyingine ambayo mwana mume huipokea kwa baba peke yake. Ile ya baba, kwa watu hao, kwa kawaida ilitoka Asia. Ile ya mama karibu yote ilikuwa ya Afrika.

Yaani nasaba za wazee wetu zilisema kweli juu ya baba, na zikanyamaza juu ya mama. Wala tusidhani kuwa mama wote hao walikuwa watumwa. Hilo lingekuwa kosa jingine. Waajemi wale walifika katika miji iliyokuwapo, yenye wenyewe na biashara yake, wakaoa humo. Lugha waliyoisema watoto wao haikuwa Kiajemi. Ilikuwa Kiswahili, ambacho mizizi yake ni ya Kibantu. Habari za Pate nazo zasema kuwa Mnabahani wa kwanza aliupata ufalme kwa kumwoa binti wa mfalme wa mji. Na tuseme pia kwamba makaburi mengi yaliyochunguzwa yalikuwa ya watu wakubwa, waliozikwa karibu na misikiti. Mvuvi na mkulima wa nje ya mji hawakuulizwa.

Tumezitaja Habari za Pate, nazo zina funzo kwa mwenye kuandika. Asili ya kitabu hicho yasemwa ilipotea Witu mwaka 1890, Waingereza walipoushambulia mji. Habari tulizo nazo zilitoka kwa wingi katika kumbukumbu ya mzee mmoja, Bwana Kitini, naye akawasimulia wageni waliofika kumwuliza. Kama asingalikuwako, pasingalikuwa na kitu. Kwa hiyo, andika nakala mbili, na moja isikae nyumbani kwako.

Mtu ataanzaje? Aanze na walio hai, na katika walio hai aanze na wanawake. Wanaume hupenda kuitaja ngazi; wanawake hujua nani alimnyonyesha nani, mtoto gani alizaliwa mwaka wa njaa, na kwa nini bibi fulani hakukaribishwa arusini. Usimwulize bibi, "Babu yetu mkubwa alikuwa nani?" Mwulize mama yake aliitwaje, na mama wa mama yake, na nyimbo gani aliimbiwa alipobembelezwa. Neno moja la Kinyasa au Kiyao ndani ya wimbo wa kubembelezea mtoto laweza kukuonyesha njia kuliko kitabu. Tena usikilize ngoma za unyago, ambazo wanawake waliotoka bara walikuja nazo visiwani.

Kisha yako maandishi. Ziko hati za wakfu, ambamo mtu aliiweka shamba au nyumba kwa watoto wake "na huru wake", yaani wale aliowaandika huru. Hapo hutajwa watu ambao nasaba haikuwataja. Ziko daftari za makadhi. Ziko karatasi zilizohifadhiwa katika Nyaraka za Taifa huko Kilimani, Unguja. Kwa walioachiliwa na manwari za Waingereza au kupokewa na misheni, viko vitabu vya ubatizo: mapadre wa Bagamoyo walifika huko mwaka 1868 wakajenga kijiji cha watu waliokombolewa, na Frere Town, karibu na Mombasa, ilianzishwa mwaka 1875. Mahali hapo hata leo paitwa Kengeleni, kwa ajili ya ile kengele. Mwana wa mmoja wa hao walioachiliwa, James Mbotela, aliandika habari zao katika kitabu kiitwacho Uhuru wa Watumwa, kilichotoka mwaka 1934, na twadhani hapana mfano bora wa mtu aliyeitafuta asili yake pasipo kuona haya.

Ugumu ni majina. Aliyetekwa alivuliwa jina lake njiani, akapewa jingine: siku ya juma, au neno la heri, au jina la kitu cha thamani. Mtazame Sidi Mubarak Bombay, aliyewaongoza Burton na Speke na wengine katika nchi za maziwa, naye mwaka 1876 alipewa uzeeni wake malipo na Chama cha Jiografia cha London. Alikuwa Myao, akatekwa mtoto, akauzwa akapelekwa Bara Hindi. Katika jina lake lote, "Sidi" ndivyo Wahindi walivyowaita Waafrika, "Mubarak" ni jina la kupewa, na "Bombay" ni mji wa ugeni wake. Jina alilopewa na mama yake halimo.

Nasi tusijifanye hodari kwa mambo ya watu wengine. Tulipoanza kuandika nasaba ya nyumba yetu, upande wa kuumeni ulijaa kwa siku moja. Majina tisa, kila mzee alikuwa nayo ulimini. Upande wa bibi yetu mzaa baba tulipata jina lake tu, na juu yake hapana kitu. Tulimwendea shangazi yetu mkubwa. Mara ya kwanza alituuliza kama tumekula. Mara ya pili alisema, "Mwanangu, maneno hayo ni ya nini?" Kaka yetu alipopata habari alikasirika sana, kwa kuwa wakati ule nyumbani imeletwa posa ya binti yake, na watu wa upande wa pili ni watu wa kuhesabu nasaba. Akatuambia kwamba twataka kuivunja nyumba kwa kalamu. Hatukumwona mbaya. Tuliiacha nafasi ile wazi katika daftari, tukangoja, na arusi ikapita.

Baada ya miaka miwili shangazi alituita mwenyewe. Aliwatoa watoto chumbani, akafunga mlango, ndipo akatuambia. Mama wa bibi yetu aliletwa kutoka upande wa Nyasa, mtoto asiyejua umri wake, na jina aliloitwa hapa mjini lilikuwa jina la bidhaa. Lakini alikuwa na jina jingine, la kwao, nalo alimwambia binti yake peke yake, na bibi akamwambia shangazi alipokuwa mwari. Shangazi alikuwa amelikaa nalo miaka zaidi ya sitini. Alilitamka mara tatu, ili tusikosee herufi, kisha akaliomba daftari akaitazama ile nafasi. Tulikuwa tumeshika kalamu ya risasi. Akatikisa kichwa, akasema, "Kwa wino."